Aliyeachwa Nje ya Handaki

Babu Ildephonse, ambaye hata kutoka kitandani alihitaji mtu wa kumshika, alikuwa amelisukuma kabati la viatu hadi kwenye mlango wa nyuma. Arakaza alilikuta pale aliporudi kutoka stesheni ya Rooty Hill, nguo zikimchuruzika mvua.

"Seriously, Babu?"

"Shh! Mama yako amelala, ametoka zamu. Kaa hapa. Ukisikia hodi, usiitikie."

Sebule ilinuka udongo mbichi na baruti. Mzee akaketi kwenye kochi, akaanza kusimulia jambo ambalo hakulisema hata siku aliyovalishwa nishani. Miezi mitatu walikaa handakini, maadui ng'ambo ya bonde, hakuna aliyesogea. Alfajiri moja Libère, rafiki yake wa utotoni, alirudi kutoka doria akiwa na jeraha la tumbo, akagonga mlango wa mbao wa handaki. Nyuma yake maadui walikuwa wakitambaa, wakingoja afunguliwe.

"Sikufungua. Tukawaacha wasogee, tukawamaliza. Siku ile ndipo vita vilipogeukia upande wetu. Lakini Libère alipiga hodi mpaka sauti ikamkauka, mjukuu wangu. Sasa amenipata."

"Huku Australia?"

"Marehemu haombi viza."

Ko, ko, ko.

"Hodi," ilisema sauti changa nje ya mlango, kama ya mtu mwenye maji kooni.

Arakaza alijiziba mdomo. Babu akamshika mkono, akatikisa kichwa.

"Hodi, jamani."

Kutoka chumbani, katikati ya usingizi, mama yake, Emérance, aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi Tanzania ambako mgeni hakuachwa nje hata kama sufuria ni tupu, aliitikia: "Karibu!"

Kabati likaanza kusogea lenyewe, taratibu, viatu vikidondoka kimoja kimoja, na baridi ikaingia ikinuka maji yaliyooza, ikampita Arakaza miguuni, ikapanda kwenye kochi, na vidole vya babu vikambana mkono, vikalegea, vikaachia, na mlango ukajifunga kwa kishindo.

Mama alitoka akifunga kitenge. "Nani alibisha? Baba, mko salama?"

Mzee alisimama bila kushikwa, mgongo umenyooka kama wa kijana. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine kama watu asiowajua.

Nje, kwenye mvua, mtu alikohoa kikohozi cha babu. "Arakaza," aliita. "Arakaza, mjukuu wangu, nifungulie."

"Ninyi ndio watoto wa Ildephonse?" mzee aliuliza kwa sauti changa. "Basi tulieni. Msimfungulie."