Televisheni ya Marehemu Hilda

Watu wa leseni ya televisheni, ile ada ya kila mwaka ya kuruhusiwa kuitazama, hawana haya. Muulizeni rafiki yangu Denise, wa hapa hapa mjini Hull. Mama yake, Hilda, alishazikwa, nao bado wanakata pesa kwenye akaunti yake ya benki. Denise akawapigia simu akiwa nyumbani kwa marehemu, gizani, umeme umeshakatwa.

"Niwaambie mara ngapi? Mama amekufa. Televisheni nimeshaigawa. Rudisheni pesa, wezi nyie."

"Pole, dada," karani akasema. "Ila punguza sauti ya hiyo televisheni, sikusikii."

"Televisheni gani? Unanichezea?"

Denise alisimama palepale, akitazama, kwa mwanga hafifu wa dirishani, alama iliyoachwa na televisheni kwenye zulia. Hakusikia kitu ila pumzi zake. Hakugusa chochote.

"Haya, sasa nakusikia," karani akasema. "Asante kwa kupunguza."