Sura ya Tisa

Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, mwalimu wa maktaba alifungua kabati la vitabu kwa ufunguo aliouvaa shingoni, nasi wa darasa la sita tukapanga foleni. Maktaba yetu yote ilikuwa kabati hilo moja lenye bawaba iliyolegea. Vitabu vilikuwa vichache na vimechakaa, lakini kila kimoja kilikuwa na karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada la nyuma. Ukirudisha kitabu, ilikupasa uandike hapo maoni yako kwa mistari miwili au mitatu, kisha utie sahihi. Aliyekuja baada yako alisoma maoni kwanza, ndipo akaamua kuchukua au kuacha.

Mimi niliitwa Jaji. Wenzangu walinipa jina hilo kwa sababu karibu kila karatasi ilikuwa na mwandiko wangu, na mwandiko wangu haukuwa na huruma. Riwaya ya upelelezi ambayo mwizi wake anajulikana mapema niliiandikia: "Hata paka wa kwetu angemkamata huyu." Hadithi za ajabu, zile za milango inayosema na watoto wanaopaa, nilizipenda, ila sikuvumilia uchawi usio na mipaka. "Kama fimbo inaweza kila kitu," niliandika, "mbona mwenye fimbo analia?" Vitabu vya watoto wadogo nilividharau vyote kwa jumla. Watu walicheka, na hata wa darasa la saba walinifuata kuniuliza, "Jaji, hiki vipi?" Nikavimba kichwa.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba vingi sikuvisoma. Nilianza na riwaya za upelelezi. Sina subira, kwa hiyo nilikimbilia ukurasa wa mwisho nimjue mwizi. Baadaye niligundua kwamba ukurasa wa kwanza na wa mwisho zinatosha kabisa kuandika mistari mitatu ya kuchekesha. Nani angenishika?

Chiriku alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, na tuliishi nyumba moja. Aliitwa hivyo kwa ajili ya mdomo wake. Alianza kuzungumza kabla hajafumbua macho asubuhi, akaendelea hata mswaki ukiwa kinywani. Alikuwa na miaka kumi. Alisoma kila kitu mpaka mwisho, hata maandishi ya kwenye kiberiti, na neno langu kuhusu vitabu lilikuwa kwake kama sheria.

Muhula ule alianguka kwenye ngazi za shule, akaumia muundi. Kidonda kilifunga juu, lakini ndani kikawa kinaoza kimyakimya. Mguu ulivimba, homa ikampanda, na Alhamisi mama mdogo akampeleka hospitali, akalazwa. Usaha ulikuwa umeingia kwenye mfupa. Ilibidi afanyiwe upasuaji ili mfupa usafishwe, na daktari wa upasuaji alifika pale Jumanne na Ijumaa tu. Wakampangia Jumanne.

"Niletee kitabu," aliniagiza kupitia kwa mama yake. "Cha mtoto anayeumwa halafu anapona. Jaji atakijua."

Ijumaa nilipekua kabati. Nikakiona kitabu chenye mlango wa kijani juu ya jalada, nikafungua nyuma, nikakuta mwandiko wangu wa muhula uliopita: "Dada wawili na mlango wa ajabu. Mdogo anaumwa lakini anapona, na mwisho anakimbia kilimani akicheka. Kinafurahisha." Sikukumbuka kama nilikuwa nimekisoma au la. Nilisoma maoni yangu mwenyewe, nikayaamini, nikakitia kitabu kwenye mkoba.

Jumamosi, saa za kutazama wagonjwa, nilimpelekea kitabu pamoja na pakiti ya biskuti. Aligeuza nyuma kwanza, kama alivyozoea.

"Anapona," alisema.

"Anapona," nikamjibu.

Jumanne jioni mama mdogo alirudi amenuna. Upasuaji haukufanyika. Kabla ya dawa ya usingizi mgonjwa hatakiwi kula, kwa maana chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Chiriku aliambiwa, na kibao cha "Asile" kikaning'inizwa kitandani. Lakini machela ilipofika, yeye mwenyewe alimwambia muuguzi kwamba amekula biskuti. Sote tulidhani ni njaa tu imemzidi. Ijumaa machela ikaja tena, akasema tena kwamba amekula.

Siku hiyo mama mdogo aliingia jikoni akaketi kwenye kigoda bila kuvua viatu.

"Homa haishuki," alisema. "Daktari anasema ikipita Jumanne nyingine bila kusafishwa, huenda akalazimika kuukata mguu."

Hakuna aliyekula vizuri siku ile. Mimi niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari.

Kesho yake nilikuwa wa kwanza kwenye lango la hospitali. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, kuta zimepakwa rangi ya kijani mpaka kiunoni, na kila kitanda kilikuwa na chati ya joto imebanwa miguuni pake. Chiriku alikuwa amegeukia ukuta. Nilimsalimu, akaitikia kwa neno moja. Sikuwahi kumsikia Chiriku akiitikia kwa neno moja, na hilo lilinitia hofu kuliko mguu wenyewe.

Kitabu kilikuwa chini ya mto. Nilipokivuta kikafunguka chenyewe, na chembe za biskuti zikamwagika kwenye shuka. Chembe zote zilikuwa kwenye sura ya tisa. Nikaisoma nimesimama. Mtoto mgonjwa anasukumwa kupita milango miwili myeupe. Dada yake anangoja kwenye benchi. Milango inafunguka, muuguzi anatoka peke yake, mkononi ameshika kandambili za yule mtoto.

"Ulikisoma?" Chiriku aliuliza, bado kageukia ukuta.

"Zamani. Nimesahau kidogo."

"Anayekimbia kilimani ni nani?"

Nikafunua ukurasa wa mwisho.

"Ni dada mkubwa," alisema. "Ni miaka mingi baadaye. Yule mdogo alishakufa."

"Chiriku, hiyo ni hadithi tu."

"Najua ni hadithi, mimi si mtoto mchanga." Sasa alinigeukia, na macho yake yalikuwa yameingia ndani. "Lakini wewe uliandika anapona. Mtu amekufa, wewe umeandika amepona. Mama anasema nitapona. Daktari anasema nitapona. Nyote mnasema tu. Mimi siendi huko kwenye milango."

Nilitoka na kitabu mpaka kwenye benchi la ukumbini, nikalia kwa aibu na kwa hofu. Muuguzi wa wodi, mama mnene mwenye saa iliyobanwa kifuani, alipita na trei ya dawa. Akarudi bila trei.

"Shikamoo, nesi," nilisema nikijifuta.

"Marahaba. Unalia nini, na mgonjwa yuko hai?"

Nikamweleza yote, kuanzia ukurasa wa kwanza na wa mwisho mpaka biskuti, ambazo nazo nilizileta mimi. Hakunikemea. Alikitazama kitabu nilichopakata.

"Hapo ulipo, hujakisoma bado?"

"Sura ya tisa tu."

"Basi soma. Ukimaliza, umwambie yeye haya uliyoniambia mimi. Usipunguze kitu."

Nilisoma pale mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia. Jumapili nikasoma tangu asubuhi, na saa za kutazama wagonjwa zilipofika nilikuwa nimemaliza. Nilivuta kiti karibu na kitanda, nikakiri. Niliyapanga maneno njiani, lakini yalitoka ovyo.

"Sikukisoma. Niliandika uongo. Na si hicho tu."

Chiriku alijiinua kwa kiwiko. "Kile cha mwizi wa saa?"

"Mwanzo na mwisho."

"Cha kisima kinachoongea?"

"Jalada tu."

"Jalada tu," alirudia. "Na mimi nilikiacha kwa sababu ulisema kinachosha." Nilidhani atalia, lakini alikuwa amekasirika, na hasira ilimrudishia sauti. "Haya. Hiki sasa umesoma. Unakionaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali gumu kama hilo. "Kinauma," nilisema. "Mwandishi ametufanya tumpende yule mtoto, halafu akamchukua, na nimemchukia kwa hilo. Mlango wa kijani sikuupenda, kwa maana unafunguka lakini hausaidii kitu. Sura ya kumi, dada anapokunja nguo za mdogo wake, nimeisoma mara mbili. Sijui kama ni kizuri. Najua sitakisahau."

Aliuliza polepole, "Na mimi nitapona?"

Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilikuwa nimelizoea neno hilo, halina uzito wowote kulitamka. Nikalimeza.

"Sijui," nilisema. "Nimuite nesi, umuulize mwenyewe. Nitakaa hapa."

Muuguzi alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda. Alimweleza Chiriku kila kitu: sindano ya usingizi, mahali watakapopasua, bomba dogo la kutolea usaha, na maumivu atakapoamka. Alimwambia watoto wengi aliowapeleka kwenye milango ile wamerudi.

"Wote?" Chiriku aliuliza.

"Wengi. Siwezi kusema wote. Na goti lako sina hakika nalo, uchafu umelisogelea. Lakini tukikuacha hivi, najua kitakachotokea, na hilo sina shaka nalo hata kidogo."

Chiriku alifikiri. Akaingiza mkono ndani ya foronya, akatoa pakiti ya biskuti iliyobaki nusu, akamkabidhi muuguzi.

Jumanne nilikaa kwenye benchi na mama mdogo mbele ya milango miwili ambayo kweli ilikuwa myeupe. Mama mdogo alishika kandambili za Chiriku mapajani. Nilitamani azitie ndani ya mfuko, lakini sikuthubutu kumwambia. Milango ilipofunguka, muuguzi alitoka peke yake, nami nikatazama mikono yake kabla ya uso wake. Ilikuwa mitupu.

"Ameamka," alisema. "Anaomba maji, na analalamika kwa maneno mengi."

Mama mdogo alilia palepale, kandambili zikamwanguka.

Mguu ulipona, lakini goti halikurudi kama zamani. Halikunjiki sawasawa, na Chiriku huchechemea mpaka leo. Siku ya kuruhusiwa, mama mdogo akiwa anafunga mizigo, nilimfuata muuguzi miguuni mwa kitanda.

"Nesi, kama angefanyiwa ile Jumanne ya kwanza, goti lingepona?"

Nilitaka aseme hapana. Nilitaka sana.

"Sijui," alijibu. "Na kwa kuwa sijui, sitakuambia hapana ili ulale vizuri." Alichomoa chati ya joto, akanionyesha. "Tazama. Alfajiri nimeandika. Jioni nimeandika. Mchana wa Jumatano pako wazi. Unajua kwa nini?"

"Hapana."

"Siku hiyo nilikuwa na mgonjwa mahututi, sikumpima Chiriku. Ningeweza kuweka namba yoyote, na chati ingependeza. Daktari angeiamini, akampa mtoto dawa kwa namba yangu. Nafasi tupu inamwambia daktari: hapa hatujui, angalia mwenyewe. Namba ya uongo inamwambia: hapa ni salama, pita. Kwa nafasi tupu niligombezwa, ikaisha. Namba ya uongo huwezi kujua itamfikia nani, wala atakuwa katika hali gani siku hiyo. Kitu usichokisoma, mwanangu, kiachie nafasi yake. Aibu ya kusema hujui ni ya siku moja."

Akairudisha chati mahali pake, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Ijumaa nilimweleza mwalimu wa maktaba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua ufunguo shingoni akanipa. Wiki mbili nilibaki baada ya masomo, nikakata kwa kalamu maoni yangu kwenye kila kitabu ambacho sikukisoma na kuandika kando yake: "Sikukisoma. Samahani." Zilikuwa karatasi nyingi. Wenzangu walizisoma, wakacheka kwa namna nyingine, na hakuna aliyeniita Jaji tena.

Kitabu cha mlango wa kijani nilikiacha cha mwisho. Nilikata mistari yangu ya zamani, nikaandika yale niliyomwambia Chiriku kitandani. Kisha nikampelekea nyumbani, kwa sababu naye alikuwa msomaji na hakuwa ametia maoni. Aliinyoosha miguu, mmoja ukanyooka na mwingine ukiwa umenyooka tangu mwanzo, akaandika taratibu:

"Nimekisoma chote. Mdogo anakufa sura ya tisa. Kama unangoja kupasuliwa, kisome baadaye."

Akatia sahihi yake.