Nilimrudisha Yaya Feza Mtoni Kabla Hajapona

Nina miaka thelathini na tano, mzaliwa wa Kindu. Nilirudi hapa na diploma ya michezo niliyoitafuta Kisangani kwa jasho langu mwenyewe, bila mume wala mjomba wa kunishika mkono. Leo kina mama wa mjini wakitaka mazoezi au kujifunza kuogelea, wanakuja kwangu. Najisifu? Ndiyo, najisifu... Lakini wasomaji wenzangu, ningeichana diploma ile sasa hivi kama ingerudisha nilichoharibu!

Yaya Feza ni dada yangu mkubwa. Wakati wa vita, risasi zilipolia, tulikimbilia mtoni tukakuta mitumbwi yote imekwenda. Mimi sikujua kuogelea. Alinifunga kwa kitenge kwenye kidumu kitupu, akanisukuma majini mpaka ng'ambo, Alunguli. Naye alikuwa bado msichana mdogo!

Mwaka jana alitolewa kinyama kidogo kwenye mlango wa kizazi. Kazi ndogo, akarudi nyumbani siku ile ile. Daktari alimkataza mto na mazoezi mpaka damu ikauke na amwone tena. Yaya alikuwa anatafuta mtoto, kwa hiyo alitii.

Lakini yeye ndiye aliyekuwa msaidizi wangu mtoni. Wanawake wakaanza kunong'ona. Mmoja akacheka nikimsikia: "Feza haiko! Amesafishwa! Mwalimu anatufundisha afya, kumbe kwao wanatoa mimba!"

Moyo uliniwaka... Jina langu! Badala ya kumtetea dada yangu, nilikwenda kumtoa nyumbani.

"Mdogo wangu, damu ingali inaonekana," aliniambia.

"Yaya, ukijificha ndiyo wanapata maneno. Kuogelea kidogo hakuui mutu. Miye njo mwenye diploma!"

Alinitazama, akacheka. "Haya, mwalimu. Weye njo umesoma."

Aliogelea kuliko wote. Wenye midomo walinyamaza, nami nikasimama ukingoni kifua mbele. Mjinga mimi!

Haukupita muda, homa ikamshika. Tumbo likamuuma hadi akashindwa kusimama. Hospitali walimpasua; uchafu wa mto ulikuwa umeingia kwenye kidonda. Alipona, ndiyo... lakini mirija ya uzazi ilikuwa imeziba.

Daktari aliuliza kwa ukali nani alimruhusu kuingia mtoni. Mume wake alikuwepo. Mama mkwe wake alikuwepo.

"Ni mimi mwenyewe, docteur," Yaya alijibu. "Nilisikia joto."

Nami nilikuwa nimesimama pale pale, nimenyamaza! Aliniokoa mara ya pili, na mimi nikakubali kuokolewa... Tangu siku ile mama mkwe akawa anamwita kichwa kigumu, mwanamke aliyejifunga kizazi mwenyewe. Ningewezaje kulala?

Juzi nilikwenda kwao, nikapiga magoti mbele ya mama mkwe wake na shemeji, nikasema yote. Shemeji alitoka nje. Mama mkwe alijifunika uso kwa kitenge. Ni Yaya aliyeniinua.

"Simama, mwalimu," alisema. "Ulikawia, lakini umefika."

Dada zangu, aliyetibiwa kizazi, hata kama ni kinyama kidogo tu, asiingie majini mpaka daktari aseme ndiyo. Watu waseme watakavyo! Midomo yao itachoka. Lakini mtoto ambaye Yaya alikuwa akimngoja... nitamtoa wapi?