Kadi Iliyopita Chini ya Mlango

Kila alipotoka shule, Umuhire, msichana wa miaka kumi na miwili, alivua sare, akachota maji bombani, akaosha sufuria za mchana. Nyumba yao ilikuwa Gisenyi, mji wa Rwanda mpakani na Kongo, kwenye ua wa mawe meusi. Kazi zake ziliongezeka tangu dada yake Larissa avishwe pete na Gad.

Mama yao, Liliane, alikuwa na daftari la harusi. Posa ilikuwa imepokelewa. Sasa ilifuata siku ya mahari, kisha kiapo mbele ya serikali kwenye ofisi ya sekta, kisha kanisa. Kila jambo lililokamilika, mama alilikata kwa kalamu nyekundu.

Jumanne moja akamwita Umuhire.

"Nenda Mbugangari kwa shangazi yako. Mwambie kwa mdomo: mahari ni Jumamosi ya wiki ijayo, na baba yako anamwomba asimame upande wa Larissa. Ukisha kusema, ndipo umpe kadi hii ya mwaliko. Kadi isitangulie. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Shangazi Nyirahabimana, dada mkubwa wa baba yake, alikuwa mchuuzi. Kila asubuhi alivuka kituo cha mpaka cha Grande Barrière na beseni la karoti kwenda kuuza Goma, upande wa Kongo. Umuhire alikuta mlango umefungwa. Jirani wa shangazi, Evode, fundi wa baiskeli, aliinua kichwa.

"We mutoto, ngoja kidogo. Yeye iko njiani."

Umuhire akangoja, lakini si sana. Rafiki yake Mahoro alikuwa amemwambia wakutane ziwani, na jua lilikuwa linashuka. Akaisukuma kadi chini ya mlango, akakimbia.

Nyumbani mama akauliza, "Umemwambia?"

"Ndiyo."

"Akasemaje?"

"Akasema… sawa."

Mama akapitisha kalamu nyekundu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, wazee wa ukoo walikutana sebuleni mchana kupanga nani atasema nini. Shangazi hakuonekana. Baba, mzee Munyaneza, akampigia simu, akaiweka sauti juu ili wote wasikie.

"Mi niko mugeni kama wageni wengine, Munyaneza," ilisema sauti. "Nimeletewa karatasi chini ya mulango. Bon, mugeni anakuja akipenda."

Simu ikakatika. Siku ya mahari, kabla wazee wa Gad hawajajibiwa, shangazi wa binti huulizwa kama amekubali binti atoke. Asipokuwepo, wangemuuliza nani?

"Tusogeze siku," baba akasema.

Larissa alikuwa amevaa mshanana wake, lile vazi la kufungwa begani, akijipima. Akalivua, akaanza kulikunja polepole. Ndugu wa Gad walikuwa wamekwisha kujiandaa kuvuka kutoka Goma.

Umuhire alimwangalia akikunja.

"Ni mimi," akasema. "Sikumkuta. Nilisukuma kadi nikaenda ziwani. Mama, nilikudanganya."

Mama akafungua daftari, akautazama ule mstari mwekundu.

"Viatu vyako viko mlangoni," akasema.

Safari hii Umuhire alingoja. Evode alimpa kigoda, hakumuuliza kitu. Shangazi akatokea na beseni tupu kichwani.

"Ee! Leo karatasi imeota miguu?"

Umuhire akamweleza yote, bila kuruka la ziwa wala la uongo. Shangazi alisikiliza akitafuta ufunguo.

"Simama vizuri. Sema ulivyotumwa."

Umuhire akasema.

"Tena. Neno la baba yako umelimeza."

"Baba anakuomba usimame upande wa Larissa."

Shangazi akafungua mlango. Kadi ilikuwa bado sakafuni, ina vumbi. Kwa siku tisa alikuwa akiiruka, akitoka na kuingia.

"Sasa okota, unipe."

Umuhire akaiokota, akaipangusa kwa sketi yake, akampa kwa mikono miwili.

Jumamosi, wazee wa Gad walipomaliza kuomba, msemaji akamgeukia shangazi. Shangazi akatengeneza kilemba, akatazama dari. Gad akaanza kutoka jasho.

"Mi nimekubali," shangazi akasema mwishowe, na watu wakapiga makofi.

Baadaye, wakisuuza glasi pamoja, shangazi alimwambia Umuhire:

"Kuna kitu nataka ukijue. Uliposhindwa kungoja, uliniudhi mimi peke yangu. Ungekuja kesho yake, yangeisha. Lakini uliposema 'nimemwambia', mama yako alikata mstari, baba yako akaita wazee, na dada yako karibu akose siku yake. Wote walisimama juu ya neno lako, na halikuwepo. Ukitumwa, ngoja. Ukishindwa kungoja, rudi useme umeshindwa."

"Ndiyo, shangazi."

"Bon. Hiyo glasi iko na sabuni bado. Irudie."

Umuhire akairudia.