Jini Aliyetaka Kubebwa

YAH: KUSOGEA KWA VIFUNDO VYA PEDELI ZA BENDI BILA IDHINI YA KAMATI

Ndivyo kilivyosomeka kichwa cha barua aliyoipokea Shomari, mpiga besi, kutoka kwa Bwana Tobias, Afisa Utamaduni. Meza ya Bwana Tobias ilikuwa hapohapo katika ghala ambamo bendi ilifanyia mazoezi, karibu kiasi kwamba Shomari angeweza kuisoma barua ikiwa bado inaandikwa. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Kila kitu kilikuwa mali ya umma, na mali ya umma haijadiliwi kwa mdomo mtupu.

"Ndugu Shomari, nani anavigusa?"

"Sijui, ndugu Afisa. Mimi nikishavipanga, sivigusi tena."

Pedeli zilikuwa mbili, visanduku vya chuma vya kukanyaga kwa mguu, ambavyo bendi ilivipata kwa kumwachia baiskeli ya bendi Mkongo mmoja aliyeshuka treni ya Kigoma. Kimoja kilibana sauti isirukeruke. Cha pili kiliipaka mkwaruzo. Shomari alikuwa amehangaika navyo msimu mzima wa kiangazi, akizungusha kifundo cha kurekebishia sauti upana wa uzi, akipiga noti moja, akitega sikio, akirudisha. Alitaka besi icheke kama mtu mnene aliyefumba mdomo. Alipoipata, alitia kila kifundo nukta ya rangi ya kucha ya mdogo wake Kuluthumu, mwimbaji wa bendi, ili sauti isije ikapotea.

Sasa kila asubuhi nukta zilikutwa zimegeukia upande mmoja. Ufunguo wa ghala alikuwa nao Bwana Tobias peke yake, na alilala nao.

"Labda panya," alisema Bwana Tobias.

"Panya wa kuzungusha vifundo vyote kwa kipimo kimoja? Huyo tumwajiri."

Kwa ubishi wake Shomari aliviacha vilivyo, asikie mwizi huyo anapenda nini. Alipogusa uzi wa juu, sauti ilitoka nzito kuliko kawaida, ikapita sakafuni badala ya hewani. Ikafuatwa na harufu: jasho la zamani, ngozi mbichi, chumvi iliyolowa. Kuluthumu alinyamaza katikati ya ubeti.

"Kaka," alinong'ona. "Kuna mtu ananiegemea."

Nyuma yake palikuwa na ukuta tu.

Ghala lenyewe lilikuwa la enzi za misafara. Humo ndimo ilimopangwa mizigo ya pembe na nguo kabla ya wapagazi kuitwika na kushika njia ya pwani au ya Ujiji. Bendi ilipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka, na bendi haikuuliza kwa nini.

Shomari alivirudisha vifundo kwenye nukta zake. Adhuhuri, jua likiwa utosini na wapita njia wamekimbilia vivulini, alivitazama vikigeuka vyenyewe, taratibu, kama vinavyogeuzwa na mtu asiye na haraka. Na Kuluthumu, ambaye maisha yake yote hakubeba kitu kizito kuliko ndoo ya maji, akaota sugu jeusi begani, sugu la mtu aliyelelewa chini ya mizigo. Akaanza kutembea ameinama, akaanza kuhema akipanda kizingiti, akawa akikaa kitini kiti kinalia kwa uzito wa watu wawili, na akijaribu kuimba hutoka mguno tu, ule mguno wa mtu anayepanda mlima huku anahesabiwa.

Shomari akaenda kwa Bi Batuli. Asubuhi mama huyu aliuza vitumbua. Nyakati nyingine alipunga pepo, kimyakimya, kwa kuwa serikali haikuwa imempa kibali na yeye hakuwa amekiomba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nimeshaisikia harufu nguoni mwako. Twende."

Ghalani alimshika Kuluthumu bega, akauondoa mkono upesi kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Siku ulipoipata hiyo sauti yako, uliipiga ukamaliza?"

"Hapana, Bibi. Bwana Tobias alizima swichi kuu."

"Saa ya chakula ilikuwa imefika," alisema Bwana Tobias. "Kuna waraka kuhusu umeme."

Bi Batuli alimtazama kama anavyotazamwa mteja anayerudisha kitumbua alichokwisha kukiuma. "Kila pepo ana ngoma yake. Ikishapigwa akainuka, haikatwi mpaka aseme anataka nini. Ninyi mmemwita, akaja, mkamzimia. Sasa amekaa kwa mtoto wa watu."

"Anataka nini?" Shomari aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kubebwa. Alikuja na misafara, juu ya mizigo. Reli ilipofika, akabaki humu. Mpe kiti, mwili wa kukalia: Kuluthumu awe kiti chake, kila mwaka ubani na shuka jeupe, atatulia. Au uivunje sauti hiyo usiipige tena maisha yako. Atalala. Lakini atalala hapohapo begani."

"Na nikiipiga mpaka mwisho?"

"Mwisho anaujua yeye. Ukichoka kabla yake, anahamia kwako."

Bwana Tobias alikohoa. "Nadhani suala hili linahitaji kikao."

"Kaeni," alisema Kuluthumu akiwa ameinama, jasho likimdondoka puani. "Mimi nimechoka kusimama. Kaka, piga. Sijazaliwa punda wa mtu."

Shomari aliviacha vifundo pale jini alipovitaka, akakanyaga pedeli, akapiga.

Alipiga mzunguko uleule, chini, polepole, na ghala likajaa harufu mpaka macho yakachonyota, vumbi likaruka sakafuni kwa kila noti kama linakanyagwa na nyayo nyingi, kuta zikaanza kuguna kwa kufuata mdundo, na Kuluthumu akapiga magoti, na kinywani mwake ikatoka sauti isiyokuwa yake, kavu, ya mtu mzima aliyezoea kuamrisha.

"Nibebeni."

"Shuka," alisema Shomari bila kuacha kupiga.

"Babu yako alinibeba."

"Babu yangu alikuwa mpagazi, hakuulizwa. Mimi umeniuliza, na jibu ni hapana."

Uzito ukamwangukia Shomari shingoni. Ulikuwa uzito wa pembe na wa marobota na wa kitu kingine kinachopumua, ukambonyeza mpaka kidevu kikagusa gitaa, nyuzi zikamchana vidole, damu ikafanya uzi wa juu uteleze, na Bi Batuli, sasa akipiga makofi kwa mdundo, akawa anamwambia sikioni, usikate, mwanangu, usikate, hata kama hulisikii tena jina lako, usikate. Bwana Tobias alikuwa amesimama mbele ya swichi kuu. Saa ya chakula ilifika. Alitazama saa yake, akaivua, akaitia mfukoni, akaegemeza mgongo kwenye swichi.

"Nchi hii tumeacha kubebana," alisema Shomari, meno yameumana. "Una miguu?"

Akaurudia mzunguko.

"Una miguu?"

"Ninayo," ilisema ile sauti, na kwa mara ya kwanza ilisikika ya aibu.

"Basi itumie."

Akaendelea kupiga, na hakuharakisha. Sakafuni palisikika kishindo cha kitu kizito kilichotua, Kuluthumu akanyoosha mgongo, kisha zikasikika nyayo zisizo na viatu, zikisitasita kama za mgonjwa anayeinuka kitandani, zikampita Bi Batuli, zikampita Bwana Tobias aliyefumba macho, zikafika mlangoni. Komeo likafunguka. Nje, juani, vumbi la njia likawa linabonyea, hatua kwa hatua, na mbuzi waliokuwa wamelala njiani wakainuka kupisha.

Shomari hakuiacha noti mpaka nyayo zilipokoma kusikika.

Jini alishuka begani kwa Kuluthumu na shingoni kwa Shomari, akaenda zake kwa miguu, akishika njia ya Ujiji, na hakuna mtu aliyembeba.