Kitambaa Juu ya Meza Tupu

Kompyuta kumi na moja zilikuwepo. Ya kumi na mbili ilikuwa imeibwa, lakini kitambaa chake cha kufuma kilibaki mezani, kimenyooshwa pembe zote nne kama kimefunika maiti.

Inspekta Laurian Gidabuday alikitazama kwa muda.

"Mlango haukuvunjwa."

"Haukuvunjwa, afande." Sosthenes, meneja wa Shirika la Malisho Yetu hapa Bagara, alijifuta jasho. "Tena hazina thamani. Mfumo mpya umezikataa zote. Prosesa za zamani, hazina chipu ya usalama. Leo saa nne tunaponda diski kwa nyundo."

"Zinawaka?"

"Zinawaka. Hazikidhi vigezo tu."

Maneno hayo Gidabuday aliyajua. Baba yake naye hakukidhi vigezo, siku matrekta ya shamba la ngano yalipoingia uwandani na kuwafukuza wafugaji.

"Iliyoibwa ilikuwa na nini?"

"Sauti za wazee. Mafaili mazito, afande, na wafadhili hawayaulizii."

"Nani hufunika mashine jioni?"

"Mama Damiani, katibu muhtasi."

Alimkuta nyuma, anasuuza vikombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mwizi wa mjini angeifungia mashine kwenye kitambaa akaondoka. Huyu alikitandaza."

Mama Damiani aliitazama mikono yake. "Miaka kumi na saba nafunika. Mkono ulifanya wenyewe."

"Iko wapi?"

"Kwangu Nangara, chini ya kitanda. Nifunge, ila usiirudishe kwenye nyundo."

"Kwa nini?"

"Wazee walirekodiwa wakitaja makaburi ya watu wao, moja moja, na mahali yalipo. Yamelimwa ngano juu. Kesi ya ardhi ni Ijumaa, na wazee wote wameshakufa. Mume wangu ni wa tisa kuongea. Nilimwambia Sosthenes azihamishe sauti hizo, mara tatu. Alisema hakuna nafasi."

Walikwenda Nangara. Mashine ilinguruma, ikakawia, ikawaka. Kikohozi kikatoka, kisha sauti ya bibi aliyezikwa miaka minane iliyopita.

"Kaburi la saba, chini ya mlima, ni la Gidabuday. Alizikwa amefungwa ngozi ya ng'ombe dume mweusi. Sisi tulimfunga."

Inspekta alivua kofia. Hakuwahi kuonyeshwa babu yake alipolala.

Simu ikaita. Sosthenes. "Afande, nyundo iko tayari. Mmeipata?"

"Tumeipata. Ni kielelezo cha polisi sasa. Kielelezo hakipondwi."

Akakata. Mama Damiani alielewa kabla hajaambiwa.

"Bila mshtakiwa, hakuna kielelezo," alisema.

"Hakuna, mama."

"Basi andika jina langu."

Inspekta alifungua jalada magotini, akaandika: wizi. Nyuma yao bibi alikuwa amefika kaburi la kumi na moja, na hakuwa na haraka.