Harufu ya Beberu Katika Kahawa

Kila asubuhi Baba Makufuli hufungua makufuli matatu. Yote yako kwenye mlango mmoja, mlango wa stoo. Jina hilo alipewa na majirani, na kwa kweli hawakumwonea. Mtu huyu humshuku hata kuku wa jirani akipita uani kwake.

Mlango ukifunguka, wa kwanza kutoka ni beberu. Ni mkubwa, ana ndevu, na harufu yake hufika kabla yake. Baba Makufuli humlaza stoo kwa sababu anaogopa wezi. Humo humo kuna magunia manne ya kahawa iliyokwisha kukauka. Kahawa nyingine bado imeanikwa nje, juu ya vichanja. Hayo ndiyo mavuno yao ya mwaka mzima.

Familia hii huuza kahawa kupitia chama cha wakulima. Kwanza hupeleka sampuli, yaani kahawa kidogo ya kuonjwa na mwonjaji wa chama, nayo hupewa namba. Kahawa ikikubaliwa, chama huipeleka bandarini, nayo husafirishwa hadi nchi za nje. Isiyofaa hukataliwa, na mwenyewe humuuzia mlanguzi kwa bei ya kutupa.

Siku moja simu ya Baba Makufuli ililia. Ulikuwa ujumbe kutoka chamani. Aliusoma polepole, kwa sauti.

"Sampuli namba thelathini na moja. Imekataliwa. Ina harufu ya beberu."

Alifoka. "Nilijua tu! Mabeberu hao! Wametunyonya tangu enzi za babu zetu, na sasa wanatafuta sababu ya kutupunja."

Mkewe alikuwa anachambua kahawa. Aliinua macho.

"Baba watoto, hebu soma tena. Beberu wa ng'ambo, au huyu wetu?"

Baba Makufuli alisoma tena. Akamtazama beberu. Beberu naye akamtazama, huku anatafuna.

"Nani amewaambia?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Nani amewaambia kwamba analala stoo?"

"Labda wamenusa."

"Kunusa! Kahawa ina ganda, tena iko ndani ya gunia. Hapana. Kuna mtu kapeleka maneno. Na aliyeingia stoo yangu ni mmoja tu, dada yangu. Jumapili alikuja kuazima jembe, akamwona beberu, akacheka."

"Wifi hana tabia hiyo."

"Humjui. Mimi nimekua naye."

Hakungoja hata chai. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake huyo, nyumba ya tatu. Alimkuta anakula na wanawe.

"Mchonganishi wewe!" alisema mlangoni, bila hodi. "Umeniuza chamani! Usikanyage tena kwangu."

"Kaka, mimi nimefanya nini?"

Watoto waliacha kula, wakamtazama mjomba wao akiondoka.

Kutoka hapo alikwenda chamani. Chumba cha mwonjaji kilikuwa kidogo na safi. Kulikuwa na meza ndefu, vikombe kwa safu, birika la maji ya moto, na ndoo chini. Mwonjaji mwenyewe alikuwa mwanamke kijana aliyevaa koti jeupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayesikiliza umbea wa watu?"

"Umbea gani?"

"Wa namba thelathini na moja. Nani alikwambia habari za beberu wangu?"

Mwonjaji alishangaa. "Kumbe una beberu?"

Baba Makufuli alijiuma ulimi.

"Mzee, mimi hupewa namba tu," alisema mwonjaji. "Majina anayo karani. Lakini usiniamini mimi. Onja mwenyewe."

"Ili unichezee vikombe?"

"Basi vichanganye wewe."

Mwonjaji aligeukia ukutani. Baba Makufuli akavihamisha vikombe vitano, huku na kule, mpaka mwenyewe akapotea. Kisha mwonjaji akamwonyesha kazi. Unachota kwa kijiko, unavuta kwa nguvu, fyuu, halafu unatema ndooni.

Kikombe cha kwanza kilikuwa kizuri. Cha pili pia. Cha tatu hakikufika mdomoni. Harufu ile aliijua. Aliinua kikombe, akachungulia chini yake. Namba thelathini na moja. Aibu ikamshika, akaketi.

"Kahawa hufyonza harufu, hata ikiwa na ganda," alieleza mwonjaji. "Ukiiweka na mafuta ya taa, itanuka mafuta ya taa. Vitunguu, mbolea, dawa za wadudu, ni hivyo hivyo. Mnunuzi wa ng'ambo naye huonja kabla ya kununua. Akikuta harufu, anaweza kukataa mzigo wote."

"Yangu iharibu ya wote?"

"Ya wote, mzee. Zinachanganywa."

"Hata ya dada yangu?"

"Kama ni mwanachama, hata yake."

"Na yale magunia manne?"

"Hayo ndiyo basi. Harufu ikishaingia haitoki. Okoa iliyo vichanjani. Iweke kwenye chumba cha peke yake, kikavu, chenye hewa. Tumia magunia safi ya katani. Yapange juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Sampuli ya pili ikikataliwa, msimu huu hatupokei tena kahawa yako."

Nyumbani, stoo aliachiwa beberu. Kahawa ikapewa chumba cha wageni.

"Na wageni watalala wapi?" mkewe aliuliza.

"Wageni gani? Nimewafukuza wote."

Alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka.

Alipeleka sampuli ya pili, ya kahawa ya vichanjani, ikapewa namba mpya. Wiki mbili baadaye ujumbe mwingine uliingia. "Namba kumi na saba. Imekubaliwa. Haina dosari." Kahawa yake ikapanda lori la bandarini, pamoja na ya dada yake. Yale magunia manne alimuuzia mlanguzi, na hakulalamika bei.

Siku hiyo hiyo alikwenda nyumba ya tatu. Safari hii alipiga hodi.

"Dada, nimekukosea. Hukusema kitu. Nilikudhania bure."

Dada yake alisimama mlangoni, hakumkaribisha.

"Uliniita mchonganishi mbele ya wanangu."

"Waite, basi."

Aliwaita. Watoto walikuja, wakajipanga ukutani, wadogo kwa wakubwa. Baba Makufuli alivua kofia, akasema yote tena, neno kwa neno, mbele yao.